Mkupuo wa Mwalimu na nyumba ya ziwani Kigoma

Mwalimu alistaafu mwaka jana, akiwa na miaka 60, baada ya kufundisha mkoani Tabora maisha yake yote ya kazi. Mkupuo wa mafao yake ya kustaafu ulipoingia alilipa madeni madogo madogo, akamalizia choo cha nje kilichokuwa kimesimama muda mrefu, akabaki na shilingi milioni 58. Nyumba ya kuishi anayo, iko Tabora mjini na haina deni. Mkewe anauza asali na vitenge sokoni, na biashara inakwenda. Watoto wanne wako Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma, kila mmoja na familia yake. Pensheni ya mwezi inatosha kula.

Akatangaza kwamba anataka nyumba ya mapumziko Kigoma, kando ya ziwa, wajukuu wawe wanakuja likizo. Mkewe ni mzaliwa wa Ujiji, kwa hiyo wazo halikutoka hewani. Waliniletea suala hili kwa sababu kazi yangu ni ya ardhi na uthamini. Majina nimeyaacha na bei nimezizungusha kidogo, lakini uwiano wake ni ule ule.

Mezani palikuwa na mambo matatu. La kwanza ni nyumba ya ufukweni katika kijiji kimoja kaskazini mwa Kibirizi, safari fupi ya boti kutoka mwaloni, yaani zinapotia nanga boti: vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati, baraza pana inayotazama maji, bei milioni 42. Karatasi yake ni barua ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji. La pili ni nyumba ndogo Mwanga, juu ya mji, vyumba viwili na sebule, kiwanja kimepimwa na hati ipo, milioni 55. Ziwa unaliona ukisimama kwenye kona ya ua. La tatu lilitoka kwa kaka wa mke: "Shemeji, hela zako za nini kwa madalali? Jenga vyumba viwili hapa uani kwa mzee." Ua wenyewe uko Ujiji, kwenye nyumba aliyoacha marehemu baba yao, na mama mkwe wa Mwalimu bado anaishi humo.

Mwalimu alikuwa ameshachagua la kwanza kabla hajanifikia. Alikuwa amekwenda kuliona mwezi wa saba, akakaa barazani jioni nzima, akasikia mawimbi tu. "Kimya kile hukipati popote," aliniambia.

Kimya kile kilikuwa na sababu. Tangu mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika hufungwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mwalimu alifika katikati ya muda huo. Nyumba ile imepakana na mwalo, na mwalo ukifunguliwa, injini zinaanza kuunguruma jioni boti zikienda kwenye dagaa, taa zinatapakaa ziwani usiku kucha, na alfajiri wanarudi na kelele za wachuuzi. Asubuhi dagaa wanaanikwa mchangani. Mtu anayekula dagaa wa Kigoma kwa furaha Tabora huwa hajui wakianikwa kwa maelfu hatua chache kutoka dirishani wananukaje. Mkewe anajua, maana amekulia huko. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakuulizwa.

Nikiri upande wa pili wa hoja. Shule zikifungwa mwezi wa sita, wajukuu wangefika wakati uvuvi umefungwa, kwa hiyo wao wangekipata kimya hicho. Lakini mwezi wa sita na wa saba ndiyo miezi ya upepo wa kusi, na siku nyingine boti za abiria zinapata taabu na mawimbi. Likizo ya Desemba iko ndani ya masika ya Kigoma, ambayo huanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili, na radi zake zinajulikana. Na Mwalimu mwenyewe, akiwa mstaafu, alipanga kukaa mwezi mzima mzima nje ya likizo za shule. Huyo ndiye angelala na injini.

Kelele mtu anaweza kuzizoea. Maji ni habari nyingine, na hapo ndipo nilipotumia muda mrefu zaidi na Mwalimu.

Dalali alimwambia kwamba ziwa "lilipanda miaka ile, sasa limesharudi." Ni kweli lilipanda: kuanzia 2020 hadi 2024 maji yalikuja juu, yakala fukwe na mialo upande wetu, na ng'ambo, kandokando ya Bujumbura, yakafukuza watu majumbani. Kwamba limesharudi, hilo ni neno la kuuzia. Kila mwaka ziwa hupanda hadi kilele chake karibu na Aprili na Mei, kisha hushuka taratibu hadi Oktoba au Novemba. Anayefika mwezi wa saba anaona mchanga uliolowa ukikauka na anaambiwa maji yanaondoka. Yanaondoka ya mwaka ule. Kiwango cha mwaka unaofuata kinategemea mvua.

Kilichomgusa zaidi Mwalimu ni mahali mvua hiyo inakotoka. Mto mkubwa unaoingia ziwani upande wa Tanzania ni Malagarasi, na mmoja wa mito inayoulisha ni Ugalla, unaokusanya maji ya Sikonge na Urambo. Alikofundisha yeye, mvua ikinyesha vizuri na mahindi yakastawi, maji yale yanateremka hadi mbele ya baraza aliyotaka kuinunua. Na ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Sehemu kubwa kabisa ya maji yake hutoka kwa kukauka juani. Mvua za miaka michache mfululizo zikizidi kinachokauka, halina pa kukimbilia haraka.

Historia inaonyesha linaweza kufika mbali. Ujiji, pale penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871, leo unatembea kidogo hadi ukaone maji. Enzi zile ziwa lilikuwa juu zaidi na ufukwe ulikuwa karibu zaidi. Mnamo 1878 Lukuga ulizibua mdomo wake uliokuwa umeziba, na miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Sisemi litarudi kule. Ninachosema ni kwamba mstari wa maji katika ziwa hili ni kitu kinachohama, na anayenunua nyumba mita 27 kutoka kwenye maji ananunua mahali ambapo mstari huo utakuja kumtembelea wakati wa uhai wake. Tuliporudi na tepu tulikuta michikichi miwili imekauka ikiwa imesimama ndani ya maji. Mchikichi hauoti ziwani. Ulipopandwa palikuwa pakavu.

Mita 27 zina tatizo la pili, nalo halisubiri mvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa bahari na maziwa na kingo za mito. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ufukwe wa ziwa kati ya zile zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Kiwanja chote cha ile nyumba, hadi kwenye uzio wa nyuma, kinaishia mita 50. Kwa maana hiyo hakuna hata pembe ambayo Mwalimu angeweza kuihamishia nyumba ikibidi. "Mbona wengine wamejenga?" aliuliza. Wamejenga, na wengi hawajaguswa. Ila siku barabara, bandari au mamlaka yoyote ikihitaji eneo lile, aliyejenga ndani ya mita 60 anasimama pabaya sana anapodai fidia, na mtu wa miaka 60 aliyeweka mkupuo wake humo hana mkupuo wa pili.

Suala la karatasi nalipitia haraka kwa sababu baada ya hayo halikuwa na uzito wa kuamua. Ardhi ile ni ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Muhuri wa mtendaji peke yake hautoshi, maana mgeni asiye mkazi anahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji, na jambo zuri lingekuwa muuzaji awe na hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo hana. Muuzaji ana wake wawili. Mmoja anaishi kwenye ile nyumba, na hakuna aliyemuuliza kama anauza. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke. Dalali alisema hilo "litawekwa sawa." Maneno hayo yakitoka kwa dalali, mimi huacha kuandika.

Sasa hesabu. Mwalimu ni mtu wa ubao na chaki, kwa hiyo tuliandika. Mlinzi wa nyumba shilingi 150,000 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni milioni 1.8. Ukarabati, mchwa na bati, 800,000. Boti za kupeleka vitu na kukagua, 400,000. Hiyo ni milioni 3 kwa mwaka kabla hujalala hata usiku mmoja. Kisha milioni 42 zenyewe: zikiwekwa kwenye hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, au mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT, tukichukua asilimia 10 kwa mfano tu, zingeleta milioni 4.2. Jumla milioni 7.2. Mwalimu alikadiria familia ingelala pale siku 18 kwa mwaka, wiki moja mwezi wa sita na siku kumi na moja Desemba. Gawanya: kila usiku unagharimu 400,000. Vyumba vitatu vya gesti nzuri mjini kwa 60,000 kila kimoja ni 180,000, na asubuhi kuna chai.

Alinyamaza, kisha akasema nyumba inapanda bei. Dalali alikuwa amemwambia habari ya reli ya kisasa: abiria wanapanda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024, kipande cha Tabora hadi Kigoma kinajengwa, na kikifika bei zitaruka. Huenda zikaruka. Bei ikipanda anafaidi mwenye kitu anachoweza kukiuza kihalali. Nyumba iliyo ndani ya mita 60, isiyo na hati, itauzwa kwa mtu mwingine asiyejua, na Mwalimu si mtu wa kufanya hivyo.

Na kuna jambo hesabu ile ilificha: nauli. Wajukuu kutoka Dar es Salaam, hata wakipanda treni ya kisasa hadi Dodoma, bado wana safari ndefu ya basi au treni ya zamani hadi Kigoma. Tabora hadi Kigoma peke yake ni kilomita 411 za reli, usiku mzima ukiwa na bahati. Kinachowazuia watoto wa Mwalimu kwenda Kigoma ni nauli ya watu wanne au watano na siku za ruhusa kazini. Kukosa pa kulala hakujawahi kuwazuia. Nyumba isingepunguza hata senti moja ya hiyo nauli. Fikra ya kuipangisha kwa watalii wa hifadhi ya Gombe wakati wenyewe hawapo iliishia njiani, kwa kuwa wageni wa Gombe wanapanda boti Kibirizi na kupita hadi hifadhini, au wanalala mjini penye maji ya bomba, umeme na hospitali.

Hadi hapo mtu angeweza kufunga faili na kusema asinunue. Nisingelifunga bado, kwa sababu hesabu zote hizi Mwalimu alikubali na bado alitaka nyumba. Nikamwomba mkewe anitajie safari zao za Kigoma za miaka ya karibuni. Mama mkubwa alipofariki. Arusi ya binamu. Idi. Arobaini. Msiba tena. Likizo haikuwemo hata moja. Na safari zote hizo Mwalimu alilala wapi? Ukweni.

Hapo mambo yakafunguka. Mwanamume wa makamo yake, kulala nyumba moja na mama mkwe si starehe. Hawezi kutoka uani na singlendi, hawezi kujilaza sebuleni kusikiliza mpira, akienda kuoga anapita mbele ya mama mkwe akiwa na ndoo. Akisema akalale gesti, mama anaumia: amekosa nini hadi mkwe wake akalale kwa watu? Kwa miaka yote hiyo Mwalimu amekuwa akiondoka siku ya tatu kwa visingizio vya shule. Sasa shule haipo. Mkewe anataka kukaa kwa mama yake, ambaye amezeeka, wiki tatu au mwezi. Mwalimu alihitaji pa kulala karibu na Ujiji ambapo anaweza kusema "kwangu" na mama mkwe asikasirike, kwa sababu mtu kwenda kwake si kumkimbia mtu. Ufukwe ulikuja baadaye, kama sababu inayosemeka mbele ya watu.

Ukiliona hivyo, nyumba ya ufukweni inaanguka yenyewe. Mama mkwe akiugua usiku, kutoka kule kijijini unategemea boti. Kutoka Mwanga unapanda bajaji.

Pendekezo la shemeji nalo linageuka kuwa baya zaidi, maana ni ukweni kule kule, na juu yake kuna mirathi. Marehemu aliacha mjane, wana wawili na mabinti watatu, na nyumba haijagawanywa. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane anapata 1/8. Inayobaki, 7/8, inagawanywa kwa mafungu saba, kila mwana mawili na kila binti moja, hivyo kila mwana ana 2/8 na kila binti 1/8. Mke wa Mwalimu ana 1/8 ya ua ambao mipaka yake ya ndani haijawahi kuchorwa. Mwalimu angejenga vyumba vya milioni 20 juu ya fungu ambalo hakuna anayeweza kumwonyesha kwa kidole, tena akiwa si mrithi. Shemeji ni mkarimu na anamaanisha anachosema. Wanawe ndio watakaosema lingine miaka kumi ijayo. Nilishauri familia impate kwanza msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, na hilo walifanye kwa ajili yao wenyewe, Mwalimu ajenge asijenge.

Ikabaki Mwanga. Iko juu, maji ya ziwa hayatafika, kiwanja kimepimwa na bikoni, zile alama za mipaka, tatu kati ya nne tuliziona. Milioni 55 kati ya 58, hata hivyo, ni kumvua mzee nguo zote. Gharama za uhamisho na ushuru wa stempu zingemaliza zilizobaki, na mtu wa miaka 60 bila akiba ni mgonjwa mmoja mbali na kukopa. Tukafanya upekuzi rasmi wa kumbukumbu za hati. Hati haina rehani, lakini ina jina la mtu aliyekwisha kufariki. Anayeuza ni mwanawe, na barua ya usimamizi wa mirathi hana. Mirathi tena, safari hii ya wengine.

Nilipendekeza wapange. Nyumba hiyo hiyo, kwa mwaka, kwa 120,000 kwa mwezi, jumla 1,440,000, warithi wote walio watu wazima wasaini mkataba na risiti, huku wao wakishughulikia usimamizi mahakamani kwa muda wao. Kwa pesa chini ya nusu ya gharama za kutunza ile ya ufukweni, Mwalimu anakuwa na kwake Kigoma, mkewe anakwenda kwa mama yake kila asubuhi, na baada ya miezi 12 watajua wamelala humo siku ngapi kweli. Wajukuu wakija, ufukweni wanakwenda mchana na kurudi. Kama baada ya mwaka watakuwa wametumia wiki mbili tu, waache. Kama Mwalimu amehamia nusu mwaka, hapo mjadala wa kununua unaanza upya, na bei ijadiliwe chini ya milioni 45, kwa majina ya mume na mke wote wawili kwenye hati.

Mkewe alikubali papo hapo. Mwalimu alisema kupanga ni kwa walimu wa ajira mpya, akatembea hadi getini, akarudi akauliza kama mwenye nyumba angeruhusu kupaka rangi.

Kwa jambo moja hatukuelewana. Warithi walitaka kishika uchumba cha milioni 10 ili wasimuuzie mtu mwingine wakati mirathi inaendelea, na Mwalimu alitaka kuwapa. Nilikataa: hakuna hata mmoja wao mwenye mamlaka ya kisheria ya kuuza leo, kwa hiyo hakuna mwenye mamlaka ya kupokea. Mwishowe mkataba wa kupanga ulisainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa bila kishika uchumba, ukiwa na kifungu kwamba wakipata usimamizi watamwambia Mwalimu kabla ya dalali yeyote. Kifungu hicho kina nguvu kidogo, nami nilimwambia hivyo. Kodi ya miezi sita imeshalipwa, sita iliyobaki italipwa baada ya warithi kumwonyesha namba ya shauri la mirathi.